Kurasa Nilizofungia Mawe

Nilikuwa nanunua vitabu kwa kilo. Nalisema hili kwanza kwa sababu wanaoona kabati langu leo huniita mpenda vitabu, na mimi najua nilikotoka.

Nilizaliwa Tabaka, Mugirango Kusini, ambako mtoto hushika jiwe kabla ya kushika kalamu. Baba alichimba. Mama, kama wanawake wengi wa kwetu, aliketi na karai la maji akipiga sanamu msasa mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe na laini, hazina hata alama. Mimi sikujaliwa mkono wa kuchonga. Shule niliiacha kidato cha pili, karo ilipokosekana, na mwaka 1995 nikapata kazi ya kufungasha: viboko, vifaru, sahani, vyetezo, vyote vya kupelekwa Nairobi na Mombasa. Jiwe la Kisii ni laini. Kisu kinalikata, na sikio la kiboko huvunjika kwa kugongana tu na mwenzake ndani ya gunia. Lazima kila kipande kivishwe karatasi, mbili au tatu, ndipo kipangwe. Magazeti hayakutosha. Vitabu vikuukuu vilikuwa tele.

Basi nikawa nazunguka na mizani ya ndoano: Suneka, Ogembo, Keroka, mpaka upande wa Nyamira. Mwalimu akifariki, nafika. Shule ikisafisha stoo, nafika. Nililipa shilingi tano kwa kilo. Majalada niliyang'oa pale pale mlangoni, mwenye nyumba akinitazama, kwa kuwa karatasi ngumu haikunjiki vizuri juu ya jiwe, tena sikutaka kulipia uzito wa kitu nisichokitumia. Sikusoma hata jina la kitabu. Kwa miaka mitatu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na sikuona ubaya wowote. Nilijiona kijana mwerevu.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Niño, nilinunua sanduku la mbao karibu na Kebirigo. Kijana aliyeniuzia alisema baba yake, mwalimu mstaafu, amelazwa hospitalini na pesa zinahitajika. Sikumuuliza zaidi. Kilo 31. Jumapili nilikuwa na oda ya viboko wa kwenda Mombasa, nikalifungua sanduku na kuanza kuchana. Lori likaondoka jioni ile ile.

Jumatano asubuhi mzee mmoja alisimama mlangoni kwangu Suneka. Alivaa koti zito na gambuti, akiegemea fimbo, uso umekonda kwa ugonjwa. Akanisalimu, "Bwakire," nikaitikia. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, nimeambiwa sanduku langu liko kwako."

Nilimwonyesha sanduku. Ndani niliweka nyundo na msasa. Vitabu vilivyobaki vilikuwa pembeni, 11, vyote havina majalada. Aliinama akavigeuza kimoja kimoja, na alipofika kwenye kimoja chembamba akakaa kitako juu ya gunia. Kilikuwa nusu kitabu. Mwanzo wote umekwenda.

Hakusema neno. Alinyoosha mkono akamchukua kiboko aliyekuwa amefungwa tayari, akamfungua taratibu kama mtu anayefungua kidonda, akainyoosha ile karatasi juu ya goti na kuanza kusoma kwa sauti. Ilikuwa habari ya Adili alipofika katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, na binti mmoja tu, Mwelekevu, ndiye aliyebaki hai. Mzee akaniuliza, "Unajua ulichomvisha huyu kiboko?" Nikasema sijui. Akasema, "Ni Adili na Nduguze. Shaaban Robert."

Tulifungua viboko mpaka jua likazama. Tukapata karatasi 14. Nyingine tisa zilikuwa njiani kwenda pwani, au zimekwisha kufika. Tukiwa katika kazi hiyo ndipo aliponieleza kwamba alikinunua kitabu kile Kisumu kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu, kilipokuwa kipya kabisa. Kitabu kilitoka mwaka 1952, kikachapwa na Macmillan wa London. Kwa miaka mingi alikwenda nacho jioni kwenye kituo cha kununulia chai. Wakulima walipima majani yao, lori la kiwanda likachelewa, giza likaingia, naye akawasomea kwa mwanga wa taa ya kandili. Alisema kuna akina mama waliokuwa wakimuuliza wakiwa bado wanapanda mlima na mizigo mgongoni, "Mwalimu, wale ndugu wawili bado ni manyani?" Maana Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili, waligeuzwa manyani na jini Huria kwa kumtupa ndugu yao baharini, na kila usiku Adili ilimlazimu kuwapiga viboko huku moyo ukimuuma.

Nilingoja anilaani. Kwetu laana ya mzee si jambo la mchezo, na nilijua ninastahili. Nikamwambia achukue vyote vilivyobaki na sanduku lake, bure. Alizichukua zile karatasi 14 akazikunja na kuziweka ndani ya koti. Kile kitabu nusu akanirudishia mkononi.

"Kaa nacho," akasema. "Mimi nimekisoma. Wewe bado."

Hicho ndicho kitabu cha kwanza nilichokisoma mpaka mwisho tangu niache shule. Nilikisoma kuanzia katikati, kwa kibatari, usiku tatu mfululizo. Mpaka leo sina maelezo ya kwa nini mtu niliyemharibia mali ya maisha yake alinipa zawadi badala ya kunidai. Sikulipa chochote. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninaposimama kanisani kutoa ushuhuda, na nashukuru tena hapa.

Laiti ningeweza kusema kwamba tangu siku ile nilibadilika. Nilibadilika nusu tu, kama kitabu chenyewe.

Niliacha kuchana vitabu. Nikaanza kuvitafuta. Mwanzoni nia ilikuwa safi: nimpatie Mwalimu Adili mwingine, mzima, wa chapa ile ile ya kwanza. Nikajifunza kugeuza ukurasa wa jina na kutazama nyuma yake. Ukiona mwaka mmoja tu, mara nyingi umepata chapa ya kwanza; ukiona miaka imepangwa mmoja chini ya mwingine, hicho ni cha baadaye. Nikajifunza kwamba Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela mwaka 1934, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile tafsiri ya Frederick Johnson, mwaka 1929. Nikajua ni kwa nini ni vigumu kuvipata milimani kwetu. Mvua hapa hainyeshi kwa msimu mmoja ikaisha. Pini za katikati hushika kutu zikala karatasi, mchwa hupanda ukutani, na kitabu kilichowekwa juu ya dari ya jikoni hugeuka rangi ya chai kwa moshi. Lakini zaidi ya hayo yote, vilisomwa. Kitabu cha hadithi kilipita mikono ya watoto arobaini kwa mwaka mmoja. Vitabu vya sheria na ripoti za serikali nilivikuta vizima kama vilivyotoka kiwandani.

Mwaka 2001, kwenye vitabu vya mtumba mjini Kisii, nilinunua Don Quixote cha Cervantes kwa Kiingereza, kizito kama tofali, nikakisoma na kamusi pembeni kwa karibu mwaka mzima. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1605. Ni habari ya bwana mmoja wa Uhispania aliyesoma visa vya mashujaa wapanda farasi mpaka akili ikamruka. Kasisi na kinyozi wanaingia chumbani mwake na kuamua kipi kichomwe na kipi kisamehewe, na miongoni mwa vinavyosamehewa ni Amadís de Gaula. Mahali pengine mwenye nyumba ya wageni anatoa sanduku dogo kuukuu la vitabu vya namna hiyo, akieleza kwamba wakati wa mavuno wavunaji hukusanyika kwake, mmoja anayejua kusoma anashika kitabu, na zaidi ya thelathini wanamzunguka kumsikiliza. Baadaye nikaja kujua kwamba chapa ya Amadís ya mwaka 1508, iliyopigwa Zaragoza, na ndiyo ya zamani zaidi iliyosalia, imebaki nakala moja tu inayojulikana duniani, na iko Maktaba ya Uingereza, London. Kitabu kilichopendwa na nchi nzima, nakala moja.

Habari hiyo ilipaswa kunifundisha. Ilinitia uchu. Nilishika lile neno "nakala moja" nikaondoka nalo. Ukurasa wa wavunaji niliusoma kwa macho yangu mawili na sikuuona.

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Huko Nyansiongo mama mmoja mjane alinitolea mfuko wa vitabu vya marehemu mumewe. Katikati alikuwemo Adili wa mwaka 1952, mzima, jalada lipo, mwaka mmoja tu nyuma ya ukurasa wa jina. Mikono ilinitetemeka, na nilijilazimisha kupiga miayo ili asijue. Nikamwambia ni karatasi za kuwashia moto. Nikampa shilingi hamsini kwa mfuko wote, akanishukuru, akanipa na ndizi za kubeba. Ningetoa elfu tano kwa kile kimoja. Nyumbani watoto walikuwa wamerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Kisha kuna vile vyenye muhuri wa shule, nilivyoazima kwa walimu marafiki zangu na kutovirudisha. Nilijiambia kwangu vitakuwa salama zaidi. Mwizi wa vitabu huwa na maneno mazuri.

Adili yule nilimvisha nailoni, nikaifunga kwa gundi, nikamweka kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Mwalimu alipata habari kwamba nimempata Adili mzima. Mwaka 2004 alipanda matatu kutoka Kebirigo, akabadilisha Kisii mjini, akafika kwangu Suneka saa sita mchana, ameshikwa mkono na mjukuu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Akaketi, akanywa chai, akasema, "Mwanangu, nisomee zile za mwanzo. Zimeanza kunitoka."

Nikamwambia, "Mwalimu, kikifunguliwa kitapasuka mgongo. Ni cha kwanza hiki. Havipatikani tena."

Nilimletea akishike. Alipitisha vidole juu ya nailoni, ikawa inatoa ule mlio wake, akatafuta ukingo wa kufungulia asiupate. Akanirudishia.

"Sawa," akasema. "Nitajaribu kukumbuka."

Niliwasindikiza mpaka stendi. Niliporudi, mke wangu alikuwa akiosha vikombe. Hakuinua macho. Alisema, "Umemrudisha mzee kwa nauli yake mwenyewe."

Mpendwa msomaji, kama umewahi kupewa kitu bure kisha ukamnyima yule yule aliyekupa, unajua usiku ule ulivyokuwa. Nilikuwa nimekwisha kuijua hadithi. Nilijua kwamba Hasidi na Mwivu walipewa mtaji na ndugu yao mara baada ya mara, wakala kwake, wakalala kwake, kisha wakamtupa baharini. Nilikuwa nimewahukumu mara nyingi nikisoma. Sasa kitabu kilikuwa kabatini, na ufunguo mfukoni mwangu.

Hata hivyo sikwenda kesho yake. Naomba nisiifanye toba yangu iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa. Wiki tatu nilipambana. Nilifikiria kununua kile cha chapa ya baadaye nikamsomee hicho, maana maneno ni yale yale. Lakini kila nilipoliwaza hilo niliona jinsi nilivyokuwa nalinda karatasi dhidi ya mtu. Jumamosi ya nne, baada ya ibada, nilichana nailoni kwa kisu cha kuchongea, nikatia kitabu ndani ya koti, nikapanda matatu.

Nilimkuta akiota jua uani, blanketi mabegani. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Umekuja nacho?" Nikaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Mfalme Rai wa Ughaibu, mjumbe wake Ikibali aliyetumwa kwa Adili, liwali wa Janibu, kudai kodi. Nilipokwama kwenye neno, yeye alilisema kabla sijalifikia. Wajukuu wakasogea, kisha jirani, kisha mama mmoja aliyekuwa akipita na majani ya ng'ombe kichwani akatua mzigo. Katikati ya usomaji pini ya chini ilikatika na karatasi zikalegea. Nilinyamaza. Mwalimu akauliza, "Mbona umesimama?" Nikaendelea.

Baada ya hapo alinituma kwenye kituo cha chai. Nilikataa nikisema sauti yangu si ya kusomea watu. Alisema sauti itakuja. Jioni ya kwanza nilipokuwa nimesimama pale, magunia yamepangwa mstari, watu wameketi juu yake, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa chai, lori halijafika, nilikumbuka wale wavunaji wa Uhispania na yule mmoja anayejua kusoma. Niliona aibu, na nilifurahi.

Kurudisha vya watu kulichukua miaka miwili. Vyenye muhuri nilivirudisha shuleni. Mwalimu mkuu mmoja alinitazama muda mrefu, kisha akaniomba nibaki nimsaidie kupanga maktaba. Kwa yule mama wa Nyansiongo nilikwenda nikamweleza yote, pamoja na ile miayo. Nilimtajia bei ambayo ningekubali kulipa, na nikamlipa kidogo kidogo. Alisema kitabu kibaki kwangu mradi nimsomee mjukuu wake. Wako wengine wawili ambao nilichelewa, nilikuta makaburi. Hayo sina njia ya kuyalipa.

Tamaa haijafa. Nikiona sanduku kuukuu katika nyumba ya mtu, mkono bado unawasha. Sasa nimejiwekea sharti: nataja thamani kabla ya kutaja bei, na mwenye mali akitaka kubaki na kitabu chake, namwonyesha jinsi ya kukiweka mbali na moshi na unyevu.

Pia nanakili. Nilijifunza jambo hilo kutoka kwa watu wa pwani. Tenzi zao za mashujaa, kama ule wa Tambuka ambao mswada wake unaotajwa kuwa wa mwaka 1728 umehifadhiwa Hamburg, zilivuka karne kwa sababu watu walizinakili kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Karatasi ya pwani huoza pia kwa joto na chumvi. Kilichookoa maneno ni mikono mingi.

Mwalimu alifariki mwaka 2009. Siku ya mazishi, yule mwanawe aliyeniuzia sanduku alinivuta kando ya migomba akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na zile karatasi 14, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Miaka yote 11 zilikuwa ndani ya Biblia ya mzee. "Alisema ni zako," akaniambia.

Nimezirudisha mahali pake katika kile kitabu nusu. Zilizokosekana, zile karatasi tisa, nimezinakili kwa kalamu kutoka kwa Adili wa mwaka 1952, ambaye sasa mgongo wake umeachana kabisa kwa kusomwa. Vitabu vyote viwili huenda kituoni jioni ya Jumatano. Anayetaka kuvishika anavishika.

Kwako unayesoma: kama nyumbani kuna sanduku la marehemu, lifungue na ugeuze ukurasa wa jina kabla mtu wa mizani hajafika. Na kama kwenu, popote mlipo, kuna kiboko wa jiwe la Kisii aliyenunuliwa Mombasa mwaka 1998, naye bado amefungwa karatasi yenye maandishi ya Kiswahili, mfungueni pole pole. Jiwe libaki lenu. Karatasi naiomba.